Kipa Aliyeandikwa na Baba Yake

Mimi mpira sijaucheza, hata ule wa matambara. Mwenzangu alikuwa kipa mpaka goti lilipomkatalia. Wote wawili tuliandikia gazeti habari za michezo za Lushoto, miaka ile ya Ujamaa, na taarifa zetu tulimkabidhi kondakta wa basi la kushuka Mombo, zikapanda jingine kwenda Dar es Salaam.

Hatukufanana hata kidogo. Mimi nilikuwa na mdomo. Kipa akifungwa kizembe, nilimchambua bila huruma, maana uchungu wa kuokota mpira wavuni siujui. Yeye aliandika "bao lilipatikana," basi. Nikimtania, "Kaka, wewe ni mwandishi au wakili wa makipa?" alicheka tu. "Wewe hujadaka," alisema.

Kisha mwanawe akaingia timu ya wilaya. Alimfundisha mwenyewe, nyuma ya shamba lao la kabichi, kwenye mteremko ambako mpira ukikupita unaufuata bondeni. Siku ya mechi kubwa, manyunyu yakianguka, shuti jepesi likampita kijana katikati ya miguu. Tukafungwa.

Nilisoma alichoandika baba mtu, nikashtuka. Kwa mara ya kwanza alitaja jina la kipa na kosa lake, na akamwita mzembe.

"Lahaula! Kaka, hii usiitume. Watoto wa watu umewaficha wote!"

"Hao sikuwafundisha mimi."

"Huyu ni mwanao!"

"Ndiyo maana."

Nilimshika mkono, akajichomoa. Kondakta akapokea bahasha.

Kijijini gazeti lilisomwa kwa sauti katika darasa la elimu ya watu wazima. Mwalimu, masikini, hakulipitia kwanza. Mama wa kijana alikuwa dawati la mbele, anafuatisha herufi kwa kidole, na mwanawe amesimama mlangoni amekuja kumchukua. Wiki haikwisha, kijana akashuka kwenye mashamba ya mkonge Korogwe. Hakuaga mtu.

Nilikasirika, na hadi leo nakasirika. Watu husema mwandishi aliyecheza ana huruma kuliko sisi wa pembeni. Kwa watoto wa wenzake, sawa. Mwenzangu siku ile alijiona yeye mwenyewe golini, na nafsi yake hakuwahi kuisamehe bao hata moja.

Miaka ikapita. Kifua kilipomlaza kitandani, nilishuka mwenyewe kumtafuta kijana. Nikamsihi, akaja.

"Shikamoo, tate," alimwamkia, akimwita baba kwa Kishambaa chetu.

"Marahaba." Mzee alimtazama mikono, imechanwachanwa na mkonge. Kuomba radhi hakujua aanzie wapi. "Bado unadaka?"

"Niliacha siku ile ile."

Mzee aligeukia ukuta. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Ulikuwa umenizidi," akasema. "Tangu mwanzo, ulikuwa umenizidi."

Kijana akainuka, akavaa kofia yake.

"Hilo ndilo ungeliandika, tate."