Siku ya Ruhusa na Uvungu wa Gari

Gereji yangu ya Gikondo, hapa Kigali, sikuirithi kwa mtu. Shule niliishia darasa la tano, Karagwe, Tanzania, wakati familia yetu ilikuwa bado ukimbizini. Lakini niletee gari linalogonga chini, nilale uvunguni nilisikilize, nitakwambia linaumwa nini. Watu wanatoka mbali kwa ajili ya sikio hili.

Sasa mtu kama huyo akakwama. Nilikuwa chini ya gari la mama mmoja mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi, na tumbo likagoma kutoka. Mafundi wangu wakanishika miguu wakanivuta kama gunia la viazi. Yule mama hakucheka, aligeuka akatazama barabara. Afadhali angecheka.

"Mzee," akaniambia wakati wa kuondoka, "siku hizi waachie vijana."

Niwaachie vijana? Nikiacha kulala chini, mimi nabaki mtu wa kupokea funguo.

Nikaenda kwa daktari huko Remera, binti ambaye ningeweza kumzaa. Akaniondolea ugali, viazi, ndizi za kuchoma na bia. Akaniachia maharage, mchicha na mayai. "Siku moja kwa wiki ujiruhusu," akasema. Nikachagua Jumamosi.

Hapo nilikosea, maana Jumamosi ya Kigali ni harusi. Asubuhi unakula kwenye sherehe ya mahari, mchana mkitoka kanisani mnakunywa, jioni ukumbini unapelekwa mezani tena. Wiki nzima nilikula majani kama mbuzi, Jumamosi nikamla mbuzi mwenyewe. Mizani haikusogea.

Mke wangu akaniona nikifungua kifungo cha suruali ndani ya gari.

"Baba watoto, hiyo siku wewe huli. Unakomoa."

"Namkomoa nani?"

"Daktari. Ila tumbo ni lako."

Nilinuna mpaka nyumbani. Lakini mimi nikiamua, nimeamua. Hata gereji nilianza na spana za kuazima. Nikamwambia: kuanzia sasa Jumamosi ni sahani moja, vijiti viwili vya brosheti ya mbuzi, bia moja. Ikipita imepita, siku nyingine hakuna ruhusa.

Tumbo likaanza kushuka. Ndipo tukaalikwa Kinyinya, Jumapili, kwa wazazi wa kijana anayemchumbia binti yetu. Baba wa kijana akafungua bia mbele yangu, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi, akanipa. Kwetu ukikataa chupa aliyoonja mwenyeji, umemwambia humwamini. Nikasema nashukuru, naomba maji.

Akaitazama chupa mkononi mwangu.

"Bamwana," akasema, ndivyo tunavyoitana wazazi wa wachumba, "nimeonja mimi, na bado niko hai."

Mke wangu akanikanyaga mguu. Ningeweza kuinywa yote, nani angenilaumu? Lakini nilijua bia ya Jumapili ingemwita mwenzake wa Jumatatu. Nikasimama. Mimi ambaye hata mafundi niliwakataza kulisema, nikawasimulia wakwe wote jinsi nilivyovutwa kwa miguu, na mwalimu akitazama barabara. Nikasema nataka kurudi chini ya gari kabla sijazeeka, na leo si siku yangu. Halafu nikapiga funda moja kwa heshima yake, nikamrudishia chupa.

Alicheka akishika tumbo lake, nalo si dogo. "Basi siku utakayoweza, utaanza na gari langu. Linagonga kila nikipita tuta."

Alilileta baada ya majira ya mvua kuisha. Nikatandika kadibodi, nikalala, nikajisukuma ndani. Tumbo liligusa chuma kidogo, likapita. Yeye alikuwa amechuchumaa karibu na viatu vyangu.

"Bamwana, miguu niishike sasa au ningoje?"

"Tikisa gari, nyamaza."

Akatikisa. Nikasikia: mpira wa bushi ya mbele, kushoto, umekwisha. Nikatoka mwenyewe, mgongo kwa kadibodi, na mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa kunivuta. Nikaweka spana mikononi mwake, nikamwambia aishike.