Kimlango cha Ubavuni

Mdogo wangu Esenbek ni fundi wa magari hapa Osh, na Mungu anisamehe, sijaona mwanamume anayeogopa springi kama yeye. Vyuma vyake viwili vya kubania springi, vyenye kulabu, huvifunga vikitazamana, kimoja ubavu huu, kimoja ubavu ule. Halafu anakaza bolti kwa spana ya mkono, kidogo huku, kidogo kule, midomo ikisoma Bismillahi kama anayechinja kondoo. Na mbele ya ncha ya springi hakai, wala hamwachi mtu akae. Mafundi wa jirani wanaofunga springi kwa waya humwita bibi harusi.

Siku moja akaja baba mkwe wake, mzee Mambet, mfuga farasi. Shokapu la mbele la gari lake lilikuwa limekufa, na kulibadili ni mpaka springi yake ibanwe, na yeye alitaka kupanda mlimani kwenye malisho siku hiyo hiyo. Nilipoleta chai na mkate, nikamkuta ameshakaa kwenye godoro dogo, penye ukuta wa mwisho wa gereji, mkabala na lango. Kwetu mkubwa hukaa mkabala na mlango wa kuingilia. Nani atamwambia ahame?

Sasa jiriwa la Esenbek, lile koleo kubwa la kushikia vyuma, limechimbiwa kwa sementi, haligeuki. Springi ikifungwa pale, ncha moja hutazama lango, nyingine ukuta wa mwisho. Siku ile ilitazama ndevu za mzee.

"Baba, ungesogea kidogo hapo kando," Esenbek akasema.

"Kando? Ndiko mnakowaweka wakwe siku hizi?"

"Hapana, baba. Ni hii springi, ikifyatuka..."

"Nilipanda farasi asiyefunzwa nikiwa na miaka tisa, leo nikimbie kichuma kilichojikunja! Kaza, mwanangu. Au nije nikushike mkono?"

Niliuma ukingo wa mtandio nisicheke. Maskini Esenbek alilowa jasho. Akikaza, chuma kikateleza, mzee hana kichwa. Akimwondoa pale, mkewe atamkumbusha mpaka Kiyama.

Akaweka spana chini. Akaenda akafunga lango, akatia komeo. Kisha akafungua kile kimlango cha ubavuni cha kutokea kuku.

"Vumbi la barabarani, baba," akasema. "Leo tunaingilia huku."

Mzee akatazama lango lililofungwa. Akatazama kimlango. Kuku mmoja akaingia, akamtazama yeye. Mzee akaguna, akachukua bakuli lake la chai, na bila kuambiwa na mtu akahamia ukuta wa pili, mkabala na kuku.

Esenbek akaanza kukaza. Mzunguko wa nne wa bolti, kulabu moja iliyochakaa ikateleza. Nilisikia mshindo tu. Nilipofumbua macho, springi ilikuwa imezama ndani ya godoro na sufi imetapakaa mpaka kwenye mkate.

Alhamdulillahi, tulikuwa wazima wote. Esenbek alikuwa mweupe kama maziwa. Akazitupa zile kulabu kwenye chuma chakavu, akatoa jozi nyingine, akaikagua moja moja.

Mzee akatoa sufi kwenye chai yake kwa kidole.

"Godoro lile lilikuwa gumu hata hivyo," akasema. "Kaza polepole, mwanangu. Malisho hayahami."

Alipanda mlimani siku ile, gari likiwa kimya. Tangu hapo akija, husimama kwanza uani na kupaza sauti:

"Bibi harusi! Mlango ni upi leo?"

Na hakai mpaka ajibiwe.