Nilikata Waya wa Ardhini wa Nyumba ya Binti Yangu

Marehemu mama yangu hakupenda kelele, lakini msimu wa mpunga hakuna aliyemshinda kwa kelele. Tulilima upande wa Maparoni. Mpunga ukianza kubeba tunahamia shambani, tunalala juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, tunaamia ndege wasile mpunga. Kweleakwelea hawana huruma, ukisinzia kidogo wameshakula chakula chako cha mwaka mzima. Mama alifunga makopo kwenye kamba ndefu, akawa anaivuta akiwa kulekule juu, makopo yanalia shamba zima. Siku moja kamba ikakatika, akavua kanga yake ya juu, akaipasua vipande, akaungia. Kanga mpya. Baba alipofoka, mama akamjibu, "Kanga hailiwi, bwana."

Msinihimize, nitafika. Nasema hayo kwa kuwa ndiyo akili niliyolelewa nayo: kitu usichokiona kazi yake, kikafungie makopo. Shule sikukaa sana, kusoma nimejifunzia ukubwani, kwa hiyo mwandiko mnisamehe. Kosa langu sijalisema kwa mtu wa nyumbani. Nawaambia ninyi msioijua sura yangu.

Sasa naishi Kibiti kwa binti yangu Zuhura. Aliachika, lakini hakurudi kwangu kulia. Alijenga vyumba viwili, akanunua mashine ya kufulia ya mtumba kutoka Dar, ile ya mapipa mawili, moja la kufua na moja la kukamulia. Anafua mashuka ya nyumba za wageni za barabarani. Mimi kazi yangu kuanika, na kuwachelewesha wapita njia kwa maneno.

Aliyeifunga mashine ni fundi Issa, Mmatumbi. Mimi Mndengereko, na makabila yetu ni watani, basi siku ya kwanza nikamchokoza kabla hata hajafungua mkoba.

"Ninyi watu wa milimani umeme mmeuona lini?"

"Tuliuona siku ile ninyi wa bondeni mlipoukimbia, mzee, mkidhani ni radi."

Nikampenda hapohapo.

Alikataa kuichomeka mashine kwenye ekstensheni ya redio. Akaiwekea soketi yake peke yake, juu, mbali na maji. Kisha akatoa waya wa shaba kwenye swichi kuu, akauzungusha nyuma ya nyumba mpaka penye unyevu karibu na bafu, akaufunga kwenye fimbo ya shaba aliyoipigilia ardhini.

"Na huu nao unaleta umeme?" nikamuuliza.

"Huu hauleti, mzee. Umeme ukipotoka ukaingia kwenye bati la mashine, huu ndio unaupeleka chini ili usimpate mtu."

Mimi nikashika lile la hauleti. Mengine yakapita.

Issa akawa anakuja hata mashine ikiwa nzima. Zuhura naye akaanza kujitanda vizuri siku za kufua. Haukupita muda, wazee wa Issa wakaleta posa, tukaipokea. Toka hapo utani ukaisha. Akiniona anashusha macho, ananiita Baba. Mjue kwetu mkwe humbishii mbele za watu. Akisema saa hizi ni usiku, wewe washa taa.

Mpunga ukaanza kubeba. Bado nina kishamba changu Ruaruke, na kamba ya makopo ilikuwa imeoza. Nikautazama ule waya nyuma ya nyumba, mrefu, mzuri, umelala tu. Nikaukata. Kile kipande kilichobaki ukutani nikakichomeka mchangani ionekane waya umeshuka mpaka chini, Zuhura asije akanung'unika. Hapo ndipo ninapojihukumu. Asiyejua kosa lake hafichi.

Mashine ikaendelea kufua kama kawaida, nami nikajiona mjanja. Mpaka siku Zuhura aliposema, "Baba, mashine hii inaning'ata."

"Inang'ataje?"

"Kama sisimizi, hapa mkononi."

"Vaa kandambili."

Ndiyo dawa niliyompa mwanangu. Moyoni nilijua pa kuanzia. Ningemwita Issa nimwambie, lakini nilimwonea haya. Mkwe aibe waya, kisha amwite mkwewe aje autafute? Nikaenda zangu shambani.

Asubuhi iliyotuharibia nilikuwa naanika mashuka. Mashine inanguruma, Zuhura anaimba, halafu mashine ikabaki inanguruma peke yake. Nilipoingia nikamkuta peku juu ya sakafu iliyolowa, mkono umeganda kwenye mdomo wa pipa la kukamulia, macho wazi, sauti haimtoki. Nikanyoosha mkono nimvute. Bi Tatu, jirani yetu, akaingia nyuma yangu, akanisukuma kwa bega.

"Usimguse! Mtakwenda wawili."

Akakimbia kuzima swichi kuu, Zuhura akaanguka. Tukamkimbiza hospitali ya Mchukwi. Mungu hakutaka kumchukua, lakini mkono wa kulia umebaki na alama, na vidole viwili mpaka leo havikunjuki.

Mashuka anafua kwa mkono mmoja na nusu. Siku nyingine ananiuliza, "Baba, hivi kweli Issa anaweza kusahau kuufunga waya ule wa ardhini?" Namwambia binadamu anasahau. Astaghafirullah. Nimeswali miaka yote hii, na bado namwambia uongo uleule.

Wazee wenzangu, na vijana mnaookota shaba, waya unaoshuka ardhini msiuguse. Usiupime kwa macho. Na mashine ikikung'ata hata kama sisimizi, usitafute kandambili. Zima swichi kuu, ita fundi, usiiguse tena mpaka aseme yeye. Na kama umekata, sema ungali na mtu wa kumwambia. Mimi nilikuwa naye.

Maana Zuhura alipotoka hospitali, ndugu yangu mdogo alikuja amewaka, akamwita Issa mbele ya ukoo. Issa hakujitetea. Aliomba kwanza aukague waya. Akaenda nyuma ya nyumba, nami nikamfuata. Akauvuta, ukatoka mchangani bila shida, ncha imekatwa safi. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Baba," akasema polepole, "mchwa wa hapa wanakula shaba?"

Akasubiri. Wallahi alinipa nafasi, tena ndefu. Tulikuwa wawili tu. Nikatazama miguu yangu.

Tukarudi uani. Ndugu yangu akauliza, "Haya fundi, kosa la nani?"

"Langu," akasema Issa.

"Basi na posa yako tutairudisha."

"Sawa, baba mdogo."

Zuhura akaita kutoka ndani, mkono ukiwa bado na bandeji, "Issa, usiondoke, kaa kwanza unywe chai."

Issa akasimama kidogo mlangoni. Akaokota mkoba wake wa vyuma, akaja akanipa mkono, macho chini, kama mkwe anavyompa mkwe. Kisha akatoka, akashika njia ya barabara kuu. Hakurudi tena.