Mti wa Paka wa Bibi Ketrina

Mwaka 2013 nilimpima paka kwa kamba, mchana kweupe, watu wakiniona.

Siku nne baadaye umati ulikuwa mlangoni na mapanga, na mie nilikuwa ndani.

Niiteni mwongo, sawa tu. Kamba ninayo mpaka leo.

Naitwa Yusuf, fundi seremala. Mzaliwa wa Lushoto, Tunduma nilifuata maisha kama wengine. Kibanda changu kilikuwa mtaa wa Chapwa. Vitanda, milango, majeneza, chochote cha mbao nilitengeneza. Na mdomo nilikuwa nao, sikatai.

Basi siku hiyo akaja Bibi Ketrina. Mama wa Kinyiha, nesi mstaafu wa kule Mbozi Mission, anaishi peke yake. Mtaani walimwogopa kidogo kwa sababu ya paka wake.

Jamani, yule paka! Dume la kijivu, zito, ukimbeba mkono unakufa ganzi. Bibi aliachiwa na dereva wa lori, Mzambia. Paka jina lake Chona, ambalo kwa lugha ya yule dereva maana yake ni paka tu, hamna cha zaidi.

"Fundi, nataka unitengenezee mti wa paka."

"Mti wa kupaka nini tena, bibi?"

Akacheka, akatoa jarida la Afrika Kusini. Lilikuwa na picha mbili za nguzo zilizozungushiwa kamba, zina vijukwaa vya kulalia. Paka anapanda, ananoa kucha, anaachana na makochi ya watu.

Nguzo moja ndefu na nyembamba, nyingine nene yenye kitako kipana. Bibi alishaipenda ile ndefu.

"Hiyo itaanguka naye," nikamwambia. "Huyu si paka, ni ndama. Chukua nene, nami nitaikaza ukutani kwa vyuma."

"Haya mwanangu. Ila izidi urefu wake akijinyoosha, la sivyo atarudi kwenye kochi langu."

Nikampima pale pale nje. Bibi akamsimamisha Chona, miguu ya mbele ukutani. Nikashusha kamba kutoka kucha za juu hadi za chini, nikapiga fundo.

Futi ninayo, ila kamba nimeizoea. Shida ni kwamba Chapwa nzima waliijua kamba ile. Ndiyo niliyokuwa napimia marehemu.

Waliokuwa wanapita wakasimama. Mama mmoja akatema mate chini, akamvuta mwanawe. Mie nikaona raha.

Kesho yake asubuhi nikawa kijiweni kwenye kahawa.

"Bibi Ketrina kaniagiza mti wa paka," nikasema.

"Mti wa kupaka?" Aliyeuliza ni Ngassa, Msukuma wa kule Msangano, mfugaji, kapanga nyumba jirani na bibi. Alikuwa ananunua kahawa tu apite. Binti yake Edina, miaka mitatu, alikuwa na homa, na ndiyo walikuwa wanampeleka hospitali.

"Wa kupaka nini?" akauliza tena. Mti wa kupaka anaoujua yeye ni dawa ya waganga.

Ningesema ni kitanda cha paka, yakaisha. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mie nikitazamwa kichwa kinavimba. Nikashusha sauti.

"Mie siulizi, kaka. Nimeambiwa nipime, nimepima. Mti unasimamishwa nyumbani kwake, paka anapanda juu, anachungulia kwa majirani."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Ngassa hakucheka. Aliweka kikombe chini kikiwa nusu, akageuza kurudi nyumbani. Nilimwona kabisa. Nikaendelea kucheka.

Siku tatu nikapiga kazi. Nilichagua mrunda mnene wa mlingoti, yaani nguzo ya mkaratusi, nikaumenya, nikauzungushia kamba ya katani kwa gundi. Vijukwaa vitatu nikavivalisha vipande vya zulia. Siku ya nne nikapakia kwenye mkokoteni.

Njiani hakuna aliyeitikia salamu yangu. Muuza duka alifunga mlango nilipokaribia, kina mama wakaita watoto ndani. Sikujua kwa nini.

Kwa bibi nikaanza kuunganisha. Kitako chini, nguzo juu yake, bolti nne, kijukwaa cha kwanza, cha pili. Chona alikuwa juu ya kabati. Hakutazama mti hata mara moja. Alitazama mlango, manyoya yamemsimama.

Ndipo niliposikia miguu ya watu.

"Toa huo mti!"

Bibi alifungua mlango kabla sijamzuia. Uwanja ulikuwa umejaa. Ngassa mbele, panga mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, umemfunga mwanangu. Toa mti, mfungue!"

"Mti gani, baba?"

"Wa kupaka! Fundi wako mwenyewe kasema!"

Bibi akageuka, akanitazama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

"Nilitania," nikasema. "Ni kitanda cha paka, jamani. Nilikuwa natania tu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Bibi hakulijali panga. "Edina ana nini?"

"Homa. Jana kaanza kukakamaa."

"Hospitali wamesemaje?"

Ngassa akainamisha kichwa. "Hatujaenda. Mganga alisema akichomwa sindano kabla mti haujatolewa, anakufa."

"Toka lini?"

"Siku nne."

Bibi akampita yeye na panga lake, akakimbia na miguu yake mibovu hadi kwa jirani. Akatoka na mtoto kifuani, akapanda bodaboda hadi hospitali. Malaria, daktari alisema. Akauliza kwa nini wamechelewa hivi.

Edina alifariki kesho yake, kabla ya adhuhuri.

Mchana Ngassa akaja kibandani, hana panga. Akasema, "Fundi, njoo unipimie."

Nikaenda. Nikaitoa kamba mfukoni, nikainyoosha kutoka utosini mwa Edina hadi kisiginoni. Nilikuwa nimesahau kufungua fundo la Chona.

Fundo likaishia kisiginoni kwake.

Bibi Ketrina alirudi kwao Vwawa na paka wake. Mti aliuacha, haujamaliziwa, kijukwaa cha tatu kimeegemezwa ukutani. Toka siku ile napimia futi.

Ndugu msomaji, kama una mdomo kama wangu, sikia. Mtu akikuuliza swali la kweli, mjibu kwanza. Utani wako subirisha.

Ngassa aliniuliza maneno matatu tu. Wa kupaka nini?

Mpaka leo namjibu, nikiwa peke yangu kazini. Wa paka, kaka. Wa kulalia paka. Mpeleke mtoto hospitali.