Nilisafisha Nyama ya Titi ya Kavira

Leo nimegombeza mashini mbele ya batu yote, lakini mukosaji alikuwa miye.

Binti yangu Kavira ana uvimbe kwenye titi. Kule Beni docta alikata kipande kidogo, akakitia mu kachupa na dawa, akanituma nikipeleke labo ya Butembo.

Ile dawa inanuka!

Nililala kwanza siku mbili kwa dada yangu, kule Vuhovi. Nikamwaga dawa, nikaosha kipande vizuri, nikatia maji safi ya kuchemsha. Miye hapana peleka kitu ya kunuka kwa batu.

Kisha nikakiacha labo. Leo nimerudia majibu, docta wa labo ananiambia miye bibi muzee: «Koko, siku hizi kompyuta ndiyo inatangulia kuangalia nyama, inatuonyesha fasi yenye ugonjwa. Hii yenu imeikataa. Inasema haisomeki.»

Nikasimama. «Kompyuta ilizala lini? Itajua nini ya mutoto wangu? Angalia na macho yako!»

Akaangalia mu mikroskopi.

«Koko, nani alitoa dawa?»

«Miye. Ilikuwa inanuka.»

«Basi nyama imeoza, ile dawa ndiyo inazuia kuoza. Kompyuta ilisema kweli. Hata miye hapa siwezi kujua kama ni kansa.»

Batu bakacheka. Miye hapana.

Nimetelefoni Kavira. Aliuliza tu: «Mama, batanikata tena?»

Mucheke, lakini munisikie: dawa ya labo, hata inuke namna gani, muiache mu kachupa. Mutoto wangu anarudi kwa kisu juu ya usafi yangu.

Na nyinyi, museme kweli: nani hangeosha?