Gonga Mbili, Jibu Tatu

Zdravka wa ghorofa ya nne alikuwa mhandisi wa taasisi ya maji ya mto Danube, hapa mjini Ruse, na ukimkuta jikoni hujui kama anapika au anaunga nyaya. Moshi ni ule ule! Mimi nilikaa chini yake, ghorofa ya tatu, na mume wangu Radoy. Simu yetu na yake zilikuwa kwenye waya mmoja, kama nyumba nyingi wakati ule. Yeye akiongea, yangu imekufa. Kwa hiyo tulikuwa tunagongeana kwenye bomba la kupashia joto. Mara mbili: nipishe laini. Mara tatu: haya, chukua.

Majira ya baridi ya mwaka tisini na moja akaleta kompyuta ya kazini, kubwa, imefungwa blanketi ndani ya gari la Lada la shemeji yake, na kisanduku wanachokiita modemu, cha kuifanya kompyuta iongee kwa simu na kompyuta ya kule mji mkuu, Sofia. Akifaulu, taasisi ingempa kazi ya kuunganisha miji yote ya kando ya mto. Wiki tatu kisanduku kile kilipiga kelele juu ya kichwa changu.

"Zdravka mwanangu, unachinja nini huko?"

"Kinasalimiana tu na mwenzake, shangazi Stanka."

"Mbona salamu zenyewe kama matusi?"

Alicheka, lakini mgeni akija hakumwacha peke yake chumbani. Mashine alikuwa ameitilia saini; ikipotea, angeilipa yeye. Ufunguo wa nyumba yake, ambao miaka yote aliuacha kwangu, sasa akatembea nao mfukoni.

Jumanne moja asubuhi, Radoy alikuwa kwenye roshani anageuza maji ya chumvi ya pipa la kabichi ya kuchachusha, nami nakata vitunguu. Sasa nasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Bomba liligongwa mara mbili. Sikuuliza muda gani, sikuuliza kwa nini. Nilichukua mwiko nikajibu mara tatu, nikaendelea na vitunguu vyangu.

Muda kidogo nikasikia kata ikianguka. Radoy ameketi sakafuni, ameshika kifua, midomo imebadilika rangi.

"Stanka," akasema, "naona kama nimekaliwa na mtu."

Nilikimbilia simu. Kimya! Nikagonga bomba kwa mwiko, ukavunjika, nikachukua sufuria. Nani ajibu? Kompyuta haina masikio. Nikapanda ngazi na soksi, nikapiga mlango wa Zdravka kwa ngumi zote mbili. Ndani nasikia kisanduku kinapiga namba, kinalia, kinakata, kinapiga tena. Mwenyewe ameenda kupanga foleni ya maziwa. Amekiachia kijaribu mpaka Sofia wapokee, na Sofia siku hizo hawapatikani ng'o.

Niliogopa, jamani, sijawahi kuogopa vile. Nilichowaza ni kwamba nimemwacha peke yake sakafuni, na atakufa akiniita.

Ndipo macho yangu yakaangukia sanduku la fyuzi za umeme ukutani, pale kwenye ngazi. Kisanduku kikikosa umeme, kitaiachia laini. Namba zilikuwa zimefutika. Ya Zdravka ipi? Nikazifungua zote, moja baada ya nyingine, mikono inateleza kwa jasho. Jirani yetu mzee Parvan akatoka mbio, kijiko mkononi.

"Umerogwa, mwanamke? Redio yangu!"

"Nyamaza, Radoy anakufa!"

Yule mzee akatupa kijiko, akashuka nami. Nikainua simu: mlio wa laini umerudi! Gari la wagonjwa likafika. Daktari akasema wangechelewa nusu saa zaidi wasingemkuta hai.

Zdravka alirudi na chupa zake mbili akakuta ngazi zimejaa watu, na Radoy anashushwa kwenye machela. Alielewa kabla hajaambiwa. Chupa zikavunjika pale pale.

"Nilikugongea?" akaniuliza, kanishika mkono. "Shangazi, nagonga kila siku, lakini leo nilikuwa na haraka, sikumbuki. Nilikugongea?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Shemeji yangu, kaka yake Radoy, naye yupo, na ukali wake. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule juu.

"Hukugonga," nikasema.

Siku ya pili aliirudisha kompyuta taasisini, akaomba kazi ya kupima kina cha mto kwa fimbo. Miji ya kando ya mto aliiunganisha mtu mwingine. Radoy aliishi miaka kumi na mmoja mingine, na kila Jumapili Zdravka alimletea banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, akakaa ukingoni mwa kiti, hakuvua hata koti.

Alishahama zamani. Laini zilishatenganishwa, kila mtu na yake. Mwaka mpya hunipigia, na kabla ya heri zozote huuliza kwanza:

"Shangazi Stanka, kuna mtu anaihitaji simu hapo?"

"Hakuna, mwanangu," namjibu. "Ongea tu."

Kila mwaka nasema leo nitamwambia. Halafu anaanza kuniuliza habari za miguu yangu, nami namwacha aulize.