Uji wa Mapazia ya Mama

Sisi tuliolelewa Tabora enzi zile tunajua kwamba nyumba haikuhesabiwa kuwa nyumba mpaka dirisha la sebuleni liwe na pazia la neti. Paa lingeweza kuvuja, mlango ungeweza kufungwa kwa kamba ya katani, lakini neti nyeupe ikipepea dirishani, wapita njia walijua humo ndani yumo mama, na mama huyo si wa mchezo. Siku hizi vijana hawana habari. Juzi juzi mpwa wangu anayesoma chuo, aliyekuja kwangu likizo, aliyachukua mapazia yangu ya neti akayatumbukiza kwenye mashine ya kufulia pamoja na suruali yake ya jinzi. Yalitoka yamejisokota kama mkia wa mbuzi aliyenyeshewa, na zipu ya suruali imeyang'ang'ania. Nilipomuuliza, akanionyesha simu.

"Mjomba, humu wanasema unaweka, unabonyeza, unaondoka."

Sikubishana na simu. Nilikaa na mkasi wa kucha nikaanza kuitenganisha neti na zipu, uzi kwa uzi, nikamkumbuka mama yangu.

Kwetu Ipuli, kufua pazia la neti halikuwa jambo la kuweka na kuondoka. Kwanza mama alitupanga mstari uani akatukagua kucha kwa ukali kuliko mwalimu wa zamu. Mwenye kucha ndefu au ukucha uliovunjika hakuligusa pazia, maana neti ikishikwa na ukucha inafunguka kama bomba la maji. Pazia lilitolewa taratibu kwenye waya wake wa springi, likakung'utwa nje upande ambao upepo hauendi kwa jirani, kwa sababu vumbi la Tabora likitua kwenye nguo za mwenzako mtanuniana mpaka Idi. Kisha likalazwa kwenye beseni la maji baridi yenye chumvi kidogo, mpaka maji yageuke rangi ya chai ya mkandaa. Sabuni ilikorogwa kwanza kwenye maji, haikumwagwa juu ya neti. Kufikicha ilikuwa marufuku. Kukamua kwa kusokota ilikuwa jinai.

"Libonyeze kama unamwogesha mtoto mchanga," mama alikuwa akisema. "Usivute, usiharakishe. Ukilichana, utajieleza wewe kwa baba yako."

Baba alikuwa fundi cherehani mjini, na mapazia yale aliyashona mwenyewe walipooana, akayawekea marinda na lesi chini. Baada ya kusuuzwa yalitiwa bluu ya kufulia kidogo, halafu wanga. Wanga wetu ulikuwa uji mwepesi wa unga wa muhogo, uliochujwa kwa kipande cha kanga. Pazia lilichovywa humo, likatundikwa dirishani lingali linachuruzika ili uzito wa maji ulinyooshe. Likikauka lilisimama wima kama askari wa gwaride, na mama alikuwa akitoka nje barabarani kulitazama, akijifanya anamtafuta kuku.

Baba alitangulia. Miaka michache baadaye mama akamfuata. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikaenda kubeba mizigo stesheni, ambako abiria wa Kigoma, wa Mwanza na wa Mpanda walishuka na magunia ambayo hata ng'ombe angeyaogopa. Sikulia sana juu ya shule. Nyumbani walikuwapo watatu wa kulishwa: Zuhura aliyenifuata, Hamisi, na Asha mdogo, ambaye alikuwa bado analala akiwa ameshika sikio la mtu.

Kwa desturi ya ukoo wetu, arobaini ya marehemu ikishasomwa, wakubwa hukaa wakaamua watoto waende wapi. Niliwasikia msibani wakianza kutugawa kabla hata kisomo hakijafika. Baba mkubwa wa Kaliua, kaka yake baba, alikuwa na shamba la tumbaku na alimtaka Hamisi. Shangazi Mwanne, dada yao anayeuza mchele Bukene, angemchukua Zuhura. Asha angetafutiwa mtu. Mimi nilikuwa mtu mzima, ningejitafuta.

"Nyumba haikai bila mwanamke," baba mkubwa alisema huku akitoa unyuzi wa nyama kwenye jino. "Kijana wa kiume atalea nini? Atawalea waote ndevu?"

Mkubwa hajibiwi akiwa anakula. Lakini nililala nikiwaza. Mimi sikuwa na maneno ya kikao. Nilichokuwa nacho ni mapazia. Nilijua wakija wakakuta dirisha chafu, basi Hamisi amekwenda Kaliua. Wakikuta neti imesimama kama alivyoisimamisha mama, huenda wakaona kwamba nyumba ile bado ina mwenyewe.

Kwa hiyo siku moja kabla ya arobaini nilikata kucha zangu mpaka nyama, nikaketi uani na beseni. Vijana wenzangu walipita wakienda mpirani.

"Rama, ukimaliza utufulie na sisi shimizi zetu."

"Leteni," nikasema, "ila mkate kucha kwanza, nawajua."

Nilifua kwa utaratibu wote, neti haikuachia hata uzi mmoja. Nikapika uji wa wanga, nikauchuja, nikauacha upoe kwenye sufuria jikoni, nikaenda kwa jirani kuazima ngazi. Jirani yule hakuwa mtu wa kukupa ngazi bila habari za mji mzima. Niliporudi, nikamkuta Hamisi ana masharubu meupe ya uji, na Asha anaramba mwiko.

"Mmekunywa wanga?"

"Tumekubakizia," Hamisi akasema kwa heshima.

Zuhura alikuwa akiosha vikombe. Nikatazama sufuria, umebaki kama nusu. Nikaongeza maji, nikachovya mapazia, nikatundika. Niliona yananata kidogo vidoleni, nikajisifu kwamba wanga umekolea. Jioni yalikuwa yamekauka, meupe, yamenyooka. Nilitoka barabarani kuyatazama, na wala sikujifanya natafuta kuku.

Asubuhi nilikuta sisimizi. Walikuwa mstari mmoja mzuri, wametoka chini ya mlango, wamepanda ukuta, wameingia kwenye lesi. Nikawapangusa. Bibi mmoja wa mtaani aliyekuja kusaidia kupika pilau akaniambia sisimizi ndani ya nyumba ni baraka. Nikafurahi. Baadaye akaja nyuki mmoja, akatua kwenye rinda, akalikagua, akaondoka. Sasa najua alikuwa ametumwa.

Treni zilileta ndugu. Baba mkubwa aliingia na koti zito kwenye joto lile la Tabora, akatuamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," nasi tukaitikia kisha tukampa shikamoo yake ili asikose upande wowote. Shangazi Mwanne alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kupitia dirisha la treni. Yeye hakukaa. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akalishika pazia kwa vidole viwili.

"Nani kafua hili?"

"Mimi, shangazi."

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

Akalitazama kwenye mwanga akitafuta tundu. Akaguna, akaketi. Kuna miguno ya kukubali na miguno ya kusubiri, na ule sikuujua ni upi.

Kisomo kikasomwa, pilau ikaliwa, majirani wakaaga. Wakabaki wakubwa sebuleni, sisi wanne tumekaa mkekani kama mizigo inayosubiri kupimwa. Baba mkubwa akasafisha koo. Alizungumza juu ya ukoo, juu ya damu, juu ya marehemu mdogo wake, na alipofika kwenye tumbaku niliona Hamisi ameshika ncha ya shati langu. Ndipo nikasikia mvumo. Mwanzoni nilidhani ni gari la mizigo linapita mbali. Nikatazama dirishani. Lesi ilikuwa nyeusi na inatembea.

Zuhura akainama sikioni kwangu. "Kaka, au ni ile asali?"

"Asali gani?"

"Niliyotia kwenye uji. Nilidhani umesahau utamu."

Asali yenyewe ilikuwa ya baba mkubwa. Alituletea debe zima msibani kutoka misitu ya kwao, akituambia hakuna nyumba ya Mnyamwezi inayokunywa uji mkavu. Zuhura alimtii.

Mtu mmoja akasema, "Nyuki hao." Baba mkubwa akainua mkono kumtuliza. "Kaeni. Mimi nimekulia kwenye mizinga. Nyuki hamdhuru mtu asiye na hofu."

Akasimama aende kuwaonyesha kwamba hana hofu, akalipiga pazia kwa kofia. Sitaki kumdhihaki mzee wangu, ila nitasema tu kwamba koti lilibaki sebuleni na mwenye koti alikwishapita mlango wa uani, wa choo, na wa jirani wa ngazi. Wajumbe wengine wa kikao wakamfuata bila kufunga kikao. Viti vikaanguka. Kiatu kimoja cha mtu kikaachwa mlangoni kikiwa kimetazama nje.

Shangazi Mwanne hakukimbia, nadhani kwa sababu kiti kilikuwa kimembana. Alijifunika kanga gubigubi, akabakiza tundu la jicho.

Sisi hatukuambizana kitu. Zuhura alimfunika Asha kwa mkeka na kumlalia. Hamisi alichukua kaa la moto jikoni akaliwekea majani mabichi kwenye kikaango, akaja na moshi wake akikohoa. Mimi nilipanda kiti nikauondoa waya wa springi kwenye misumari, upande mmoja, kisha wa pili. Mikono ilinifanyia kazi yenyewe, kwa sababu ilikwishafundishwa: usivute, usiharakishe. Nililibeba pazia na wageni wake kama mtu anayembeba mtoto aliyesinzia, nikatoka nalo mpaka nyuma ya choo, nikalilaza juu ya majani. Nikarudi kuchukua la pili. Nilichomwa mara mbili au tatu shingoni, si zaidi. Neti haikuachia uzi.

Ilipotulia, wakubwa walirejea mmoja mmoja, kila mmoja akisema alikuwa amekwenda kuangalia watoto wa jirani. Baba mkubwa akaketi kwenye kiti chake cha uenyekiti. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba mpaka umegusa pua. Akataka kuendelea pale alipoishia.

"Mmf," akasema.

Shangazi Mwanne akajifunua. "Kaka pumzika, nitasema mimi. Nimekaa humu ndani nikitazama kwa jicho moja. Watu wazima wenye ndevu wametoka mlangoni. Watoto hawa wameingia kazini, na hakuna aliyemuuliza mwenzake afanye nini. Huyu kamfunika mdogo wao, huyu kaleta moshi, huyu kabeba nyuki kama anabeba maandazi. Mkiwatenganisha hawa, mtapata watoto wanne wasiofaa kitu. Wakae hapahapa. Mimi nitaleta mchele kila ninapokuja na treni, na ole wake nikute dirisha chafu."

"Mmf, mmf," baba mkubwa akasema, akionyesha Kaliua kwa kidole.

"Kaka mkubwa amekubali," shangazi akasema. "Tuombe dua."

Tukaomba dua. Hamisi aliachia shati langu wakati wa amini, na lilikuwa limebaki na mkunjo ambao hata pasi ya mkaa ilishindwa kuuondoa.

Basi tukabaki wanne. Tulikula mihogo ya kuchoma na uyoga wa masika, tuligombania ukoko wa ubwabwa wa shangazi, tulicheza kombolela mpaka jirani aite watoto wake kwa majina ya babu zao. Baba mkubwa mwenyewe, mdomo ulipopona, alikuwa akija na karanga, akituuliza kwanza kutokea barabarani, "Mmefua lini?" Zuhura alisoma, Hamisi akasoma, Asha akasoma. Mimi nilibeba mizigo, kisha nikanunua mkokoteni, kisha nikapata kibanda sokoni. Kabla ya kila Idi tulikaguana kucha, na ukaguzi wa Asha ulikuwa mkali kuliko wa mama.

Leo Zuhura yuko Mwanza, Hamisi yuko Kigoma, Asha ni muuguzi Dodoma na ana madirisha ya vioo vya giza yasiyohitaji pazia lolote. Hakuna aliyewachukua. Walikwenda mmoja mmoja kwa miguu yao, na mimi ndiye niliyewabebea masanduku mpaka stesheni, nikiwa na furaha hata nilisahau kudai ujira. Wananipigia simu, nawaona nyuso zao kwenye kioo, tunacheka. Watoto wao hata hawajui kuogopa kutenganishwa. Kila mmoja ana chumba chake, na wakitaka kumwita ndugu aliye chumba cha pili wanamwandikia ujumbe.

Nisiwalaumu, ndicho tulichokihangaikia. Ila enzi zile uani kwetu nguo zilikuwa nyingi kuliko kamba, mpaka Asha akaanika soksi zake kwenye ua wa michongoma. Siku hizi kamba yangu ni ndefu, imekazwa vizuri kati ya nguzo mbili za chuma, na shati langu likianikwa asubuhi huzunguka na upepo mpaka mchana bila kugusana na nguo nyingine.